Udaktari wa Kiingereza, Mgonjwa wa Kichina

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mawakala wa vyuo vya nje hawalali. Utawakuta kwenye maonesho ya vyuo vikuu viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, utawakuta kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, na vipeperushi vyao utavikuta hata kwenye vibanda vya kutolea kopi. Picha ni zilezile: jengo la ghorofa nyingi, maabara inayong'aa, vijana wa kila rangi waliovaa makoti meupe. Na katika kila kipeperushi pana mstari ulioandikwa kwa herufi nene kuliko mingine yote: masomo yanafundishwa kwa Kiingereza.

Mzazi ambaye mwanawe amesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), amefaulu, lakini hakufaulu kiasi cha kupata nafasi katika vyuo vya tiba vya hapa, Muhimbili, Bugando au KCMC, akiufikia mstari huo hushusha pumzi. Ada ataitafuta, ikibidi kiwanja kitauzwa. Baridi, mtoto atavaa koti. Chakula, atazoea. Kilichokuwa kinamkosesha usingizi ni lugha, na sasa wakala amemhakikishia kwamba lugha haina shida.

Mimi nasema shida imeanzia hapo. Katika miaka niliyosimamia madaktari tarajali, yaani wahitimu walio kwenye mazoezi kabla ya leseni, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, nimepokea vijana waliosoma China, Urusi, Ukraine, India, Cuba na hapa nyumbani. Wazembe wapo kila upande, na wenye akili wapo kila upande. Lakini kwa wengi waliosoma kwa Kiingereza katika nchi ambayo mgonjwa hajui Kiingereza, kuna udhaifu mmoja unaojirudia, na hauhusiani na akili zao: hawajawahi kuzungumza na wagonjwa vya kutosha. Kuwaona wamewaona. Kukaa nao, kuwauliza, kuwazungusha kwa maswali mpaka ukweli utoke, hilo walilikosa, na walilikosa kwa sababu ya kile walichouziwa kama nafuu.

Tuchukue China, maana njia hiyo imekanyagwa sana. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilitoa kanuni za kusimamia shahada ya udaktari wanayofundishwa wageni kwa Kiingereza, ikaorodhesha vyuo 30 vilivyoruhusiwa kuanza kudahili. Baadaye orodha ikaongezeka. Shahada inaitwa MBBS, ni ya miaka sita, na mwaka wa mwisho ni wa mazoezi hospitalini. Miaka ya kwanza haina tabu kubwa. Maiti ya kupasulia haiongei lugha yoyote, na biokemia ya Wuhan ndiyo biokemia ya Mwanza. Mwalimu akiwa na Kiingereza cha kuungaunga, mwanafunzi ana kitabu chake na ana video za mtandaoni. Wenzake waliobaki nyumbani wakimuuliza habari, anajibu bila wasiwasi kwamba mambo yanakwenda.

Maisha yenyewe yamepangwa ili asihitaji Kichina. Wanafunzi wa kigeni huwa na jengo lao, mara nyingi zuri kuliko la wenyeji: wawili chumba kimoja, wakati Wachina wanabanana wanne au sita. Darasa lao liko mbali na la Wachina. Jioni Watanzania wanakutana jiko la ghorofa ya tatu kusonga ugali wa unga uliokuja kwenye begi la mtu, Wapakistani wako jiko la ghorofa ya nne, na Kiingereza ndicho daraja kati yao. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mitatu akiwa China kwa pasipoti tu. Hili silitaji kama kosa lao. Ukiwa na miaka kumi na tisa, ugenini, mama yako yuko tofauti ya saa tano nawe, utakwenda jiko lenye ugali.

Mwaka wa nne mlango wa wodi unafunguliwa, na wodini hakuna Kiingereza.

Vyuo vimelifikiria hilo kwa namna yake. Mwanafunzi hufundishwa Kichina kidogo kidogo, na vyuo vingi humtaka afaulu mtihani wa lugha wa HSK daraja la nne kabla ya kuhitimu. Kwa mtaala uliotumika muda mrefu, daraja hilo lina maneno kama 1,200. Yanatosha kukata tiketi ya treni, kuagiza chakula, kumweleza fundi kwamba bomba linavuja. Sasa chukua maneno hayo uchukulie historia ya mgonjwa. Maumivu yalianza lini, yalianzia wapi yakahamia wapi, yanakuja na kuondoka au yapo muda wote, ukila yanazidi au yanatulia, choo kikoje, mkojo ukoje. Na katikati ya majibu mgonjwa anachomeka habari za mkwewe, na za dawa ya miti shamba aliyopewa na jirani, ambayo huenda ndiyo iliyomharibu figo. Aliyefanya kazi wodini anajua kwamba jambo la maana mara nyingi humtoka mgonjwa pale anapopiga soga, swali la daktari likiwa limeshapita. Isitoshe, mzee wa miaka sabini kutoka kijiji cha Hunan au Fujian haongei Kichina cha darasani. Anaongea lahaja ya kwao, ambayo hata daktari Mchina aliyetoka jimbo jingine itamlazimu kumwita muuguzi wa pale amsaidie.

Tarajali wangu mmoja alinisimulia raundi zao zilivyokuwa. Profesa anaingia wodini saa mbili asubuhi, nyuma yake madaktari, nyuma yao wanafunzi Wachina, na mkiani kabisa wageni sita au saba. Kitandani yupo mama mwenye maumivu ya tumbo. Profesa anauliza, mama anaeleza kwa kirefu, anaonesha kwa mkono, analalamika, anarudia. Wanafunzi Wachina wanaandika. Profesa anawageukia, anawauliza, mmoja anakosea na anasahihishwa mbele ya wote. Hapo zimekwisha dakika kumi. Kisha profesa anatazama mkiani, anatabasamu, anasema kwa Kiingereza: kongosho limevimba, picha ya CT imethibitisha, anaendelea vizuri. Wageni wanaandika: kongosho. Msafara unahamia kitanda cha pili.

Ukiisikia juujuu, hakuna aliyedhulumiwa. Wageni wamepata jibu sahihi, tena kutoka kwa bingwa. Ila wamepata jibu bila hesabu yake. Zile dakika kumi za mama kulalamika ndizo somo: namna ya kutofautisha kongosho na vidonda vya tumbo, na mawe ya nyongo, na moyo unaouma kwa kujifanya tumbo. Anayetajiwa ugonjwa kabla hajausikia mdomoni mwa mgonjwa hujifunza majina ya magonjwa. Faili nalo liko kwenye kompyuta, kwa herufi za Kichina, na nywila ni ya mwalimu. Wakati huohuo mwenzake Mchina anaandika maelezo ya mgonjwa, anarudishiwa, anaandika tena.

Wala si roho mbaya. Hospitali kubwa za China huona wagonjwa maelfu kwa siku, na daktari wa kliniki ana dakika chache tu kwa kila mmoja. Kati ya madaktari na familia za wagonjwa kuna uhasama wa miaka mingi. Madaktari wamepigwa, na wapo waliouawa, kwa sababu ndugu hawakuridhika na matibabu. Katika hali hiyo, nani atamwachia mgeni asiyejua lugha amchome mgonjwa sindano ya uti wa mgongo? Wodi ya wazazi ndiyo usiseme. Mume akikataa mwanafunzi wa kiume wa kigeni asiingie, haingii, na ni haki yao.

Kuna jambo la msingi zaidi ambalo wakala halitaji. Mtihani wa leseni ya udaktari ya China hufanywa kwa Kichina, kwa hiyo hospitali inajua tangu mwanzo kwamba kijana huyu hatakuja kufanya kazi pale. Mwanafunzi Mchina akitoka mbichi, profesa atakutana naye kwenye zamu mwaka unaofuata. Mgeni akitoka mbichi, ubichi wake utaonekana Sumbawanga au Kitui.

Ajabu ni kwamba Kichina wanakiweza, tena barabara. Nenda Guangzhou wakati wa maonesho ya biashara ya Canton, au nenda masoko ya Yiwu, uone wanaowatafsiria wafanyabiashara wa Kariakoo ni kina nani. Wengi ni wanafunzi, na miongoni mwao wamo wa udaktari. Kijana anayebabaika mbele ya kitanda cha mgonjwa utamkuta anabishania bei ya kontena la vigae, anakagua mzigo, anamtania mwenye kiwanda, anamchimba mkwara kwa lafudhi ya hapohapo mtaani. (Viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi hiyo bila kibali, lakini hilo tuliache.) Dukani ana kazi ya kufanya, na akikosea mteja wake anakula hasara, basi lugha inaingia yenyewe. Wodini hana kazi. Chuo kinaweza kumwongezea saa za darasa la Kichina mpaka achoke. Maadamu raundini anasimama mkiani, saa hizo zitaishia kwenye mtihani wa HSK.

Wazee wetu walisoma vingine. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow kilianzishwa mwaka 1960, mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, na kijana wa Kiafrika aliyefika pale alianza na mwaka mzima wa kitivo cha maandalizi, kazi kubwa ikiwa ni Kirusi. Cuba nako ni vivyo hivyo: chuo cha tiba cha ELAM, kilichofunguliwa Havana mwaka 1999, hufundisha kwa Kihispania, na wasiokijua huanza na kozi ya lugha. Madaktari wetu waliosomea Moscow, ambao sasa wamestaafu au wako ukingoni, watakusimulia theluji, matusi ya mitaani, barua za nyumbani zilizochelewa mpaka habari zikachacha. Lakini ukiwauliza habari za wodi, wanaanza kukuigizia wagonjwa: bibi aliyeficha vidonge chini ya mto, mlevi aliyeimba usiku kucha. Wanaigiza na sauti zao. Vijana waliorudi juzi hawana mgonjwa wa kuigiza.

Sipambi zama zile. Walikuwa wachache, walichaguliwa, na waliolipa ni serikali, ambazo mwaka wa lugha zilishauweka ndani ya mkataba. Leo anayelipa ni mzazi. Kwake mwaka wa lugha ni ada, bweni na viza, na mwisho wake hakuna hata somo moja la tiba kwenye karatasi ya matokeo. Shahada ya Kiingereza inauzika kwa sababu inamwondolea mzazi gharama hiyo. Mwaka ule wa lugha haujafutika, umesogezwa hadi mwaka wa nne, ambako hauna mwalimu wala ratiba.

Zanzibar iliwahi kuligeuza jambo hili. Badala ya vijana kwenda Cuba, walimu wa chuo cha tiba cha Matanzas walikuja Unguja, na vijana wakajifunza udaktari kwa wagonjwa wa kwao. Mgeni wa lugha akawa mwalimu, huku mwanafunzi na mgonjwa wakielewana. Hata Wachina wenyewe wanaokuja kwetu wanalijua hili. Timu zao za madaktari zinafika Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na aliyewahi kutibiwa nao amewasikia wakiuliza "bibi, inauma wapi?" kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika kinachofanya kazi. Hawaketi kusubiri bibi wa Makunduchi ajifunze Kiingereza.

Basi kijana anarudi nyumbani na shahada ya miaka sita ambamo mwaka wa mazoezi umeshahesabiwa, anakuta mwaka huo hauchukui nafasi ya utarajali wa hapa. Cheti kinapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kitambuliwe, Baraza la Madaktari Tanganyika lina mtihani wake, kisha utarajali unaanza mwanzo. Kenya nako baraza lao, KMPDC, huwapa mtihani waliosomea nje kabla ya kuwaruhusu kuanza. Wazazi wengi huzijua hatua hizi zikiwa zimeshawafika. Namfahamu baba aliyekwisha chapa kadi za sherehe ya "daktari wetu", kijana akakaa nyumbani mwaka mzima akirudia mtihani, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba huko alikotoka alifukuzwa.

Mtihani wa karatasi wengi wanaushinda wakijifungia na vitabu. Kazi ipo usiku wa zamu. Mama ameingia anakimbia, mgongoni mtoto wa miaka mitatu ana degedege, macho yamegeuka. Tarajali aliyekuwa zamu, kijana makini aliyehitimu kwa alama nzuri kwenye chuo kimoja cha mashariki mwa China, akaanza kupanga CT ya kichwa, ambayo kwa usiku ule ilikuwa ni kumsafirisha mtoto mkoa mwingine. Muuguzi, sista aliyezeekea wodi ya watoto, akamwambia kwa upole, "Daktari, tupime sukari na malaria kwanza." Sukari ilikuwa chini mno, na malaria ipo. Wakampa glukosi kwenye mshipa, dawa ya kutuliza degedege, na sindano ya malaria kali. Asubuhi nilimkuta mtoto analilia uji.

Malaria kijana yule anaijua. Angeweza kukuchorea mzunguko mzima, kutoka kwa mbu hadi kwenye ini hadi kwenye chembe nyekundu za damu. Lakini Shirika la Afya Duniani liliithibitisha China kuwa nchi isiyo na malaria mwezi Juni 2021, baada ya miaka minne mfululizo bila mgonjwa hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya nchi. Degedege la malaria angeliona kwa mtoto gani? Na hiyo ndiyo nchi iliyoipa dunia artemisinini, iliyo ndani ya dawa mseto tunayomeza, na iliyompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Weka hapo na selimundu, utapiamlo mkali, kifafa cha mimba kilichocheleweshwa nyumbani, na kuumwa na nyoka. Niseme pia upande wa pili: kusoma picha za CT za kiharusi, yeye ndiye alikuwa akinisahihisha mimi.

Halafu ikaja korona, ikafanya jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari 2020. Kuanzia 28 Machi mwaka huo China ikazuia wageni kuingia, wakiwamo wanafunzi waliokuwa likizo makwao, na wengi wao hawakupata njia ya kurudi hadi Agosti 2022. Aliyekuwa mwaka wa nne alisoma upasuaji kwenye simu, chumbani kwao Mbagala, bando likikata katikati ya somo la uzazi. Lilikuwa balaa, sina namna ya kulipamba. Ila baadhi yao walichoka kukaa. Wakaenda kwa mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya wakaomba wajishikize wodini, bila barua ya chuo, bila posho, koti wakiwa wamejishonea wenyewe. Nilipokuja kuwapokea hao kwenye utarajali niliwatambua mapema sana. Walijua kumhoji mama mjamzito bila kumtisha. Mgonjwa akisema "nilimeza kidogo tu" walijua waulize alimeza nini, ya nani, na iliyobaki iko wapi. Miezi ile isiyo na cheti iliwapa walichokikosa raundini, na hakuna chuo wala baraza lililowahesabia.

Waliokuwa Ukraine walipata pigo jingine. Uvamizi wa 24 Februari 2022 uliwakuta Kharkiv na Sumy. Wakalala kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wakafunga safari hadi mpaka wa Poland, ambako Umoja wa Afrika ulilazimika kukemea Waafrika kubaguliwa kwenye foleni za kuvuka. Wa Sumy walitolewa tarehe 8 Machi. Baada ya hapo kila mmoja alijitafutia chuo kingine katika nchi nyingine, na aliyekuwa ameanza kuielewa lugha ya wodi ya Kharkiv akajikuta mbele ya mgonjwa anayeongea Kipolandi au Kihungari. Katika uhamisho masomo yalihesabiwa, ada zikajadiliwa. Lugha ya wodini haina alama, kwa hiyo hapakuwa na cha kuhamisha.

Wapo wanaotaka vyuo fulani vifungiwe na TCU ikaze hati ya kutokuwa na pingamizi anayopewa anayekwenda kusoma nje. Mimi naona watabana pasipo. Nafasi za hapa hazitoshi, vijana wataendelea kwenda, na chuo kilekile humtoa kijana hodari na kijana mbichi. Nilimpokea binti mmoja aliyesoma mji mdogo wa bara ya China ambako hapakuwa na Mtanzania mwenzake, wala jiko la ugali. Jioni alikuwa akikaa na mama anayefanya usafi bwenini kwao, wanamenya karanga na kutazama tamthilia. Alipoingia wodini alikuwa na lahaja ya pale, na wauguzi wakawa wanamwita yeye aje amsemeshe bibi aliyegoma kula. Sijapata tarajali bora kuliko yeye. Lahaja ile hapa haina kazi, lakini alirudi na mazoea ya kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize.

Ninachokitaka kwanza ni takwimu mezani. India ina mtihani wa madaktari waliosomea nje, FMGE, tangu mwaka 2002, na bodi yao ya mitihani imewahi kutangaza ufaulu chuo kwa chuo. Katika mikupuo mingi waliofaulu hawakuzidi robo. Lakini ndani ya robo hiyo vyuo vinatofautiana sana, na orodha ikampa mzazi pa kushika. Mabaraza yetu yana majina ya watahiniwa, yana vyuo walivyotoka, yana alama. Kuzitangaza kwa chuo, jina la mtu likiachwa, hakuhitaji tume. Wakala atakayekaa mbele ya mzazi mwenye orodha hiyo atauza kwa adabu.

Katika jambo jingine India imekosea, na tusiige. Kanuni zao za mwaka 2021 zinataka masomo ya miezi 54, kisha mazoezi ya miezi 12 katika chuo kilekile cha nje, na lugha ya kufundishia iwe Kiingereza. Yaani wameuchukua mstari wa kipeperushi wakaufanya sheria, na wakafunga dirisha la kujifunzia wodi za nyumbani, ambalo kwetu korona ililifungua kwa bahati mbaya.

Mzazi naye akikaa na wakala, habari ya Kiingereza aiweke kando. Aulize mwaka wa nne na wa tano mwanawe ataandika mafaili ya wagonjwa kwa mkono wake au atatazama. Aulize hospitali ya chuo iko mji gani, wagonjwa wake wanaongea lugha gani, na Kichina cha tiba kinafundishwa saa ngapi kwa wiki mbali na kile cha HSK. Wakala akianza kuonesha picha za bweni, mzazi ameshajibiwa. Na kama fedha ni ileile, atazame na karibu: Ishaka, magharibi mwa Uganda, wapo Watanzania na Wakenya wanaosomea udaktari, malaria ipo kwa wingi, na kijana wa Kihaya Kinyankole hakimsumbui.

Kwa walioko China tayari, likizo ya kiangazi huangukia Julai na Agosti. Anayerudi nyumbani likizo tatu za mwisho anaweza kukusanya karibu miezi sita wodini. Wengi wanarudi na wanaomba, ila wanaomba kwa mdomo, na mganga mfawidhi anakubali kwa huruma au kwa kuwa anamjua mjomba. Kinachokosekana ni fomu: wagonjwa aliowahoji na kuwaandikia, akina mama aliowazalisha, watoto wa degedege aliowahudumia, sahihi ya mganga mfawidhi, mhuri, na kifungu kwenye kanuni za Baraza kinachosema fomu hiyo ina uzito gani siku ya mtihani. Chuo cha kule kikiitambua, vizuri. Kikikataa, leseni yenyewe haitolewi na chuo.